Macho Yaliyotangulia Jina

Kwa miaka thelathini Kenna alichora macho ya nyuso za mti wanazovikwa wafu. Wengine kijijini walichonga, wengine walipaka rangi. Macho yalikuwa yake, na mwiko wake ni mmoja: jina la marehemu kwanza, macho baadaye. Uso ukifumbuliwa macho kabla ya jina utajitafutia mtu wa kuuvaa, hata aliye hai. Na macho yakishafunguka hayafutwi.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Siku moja wino ulibaki kibakulini, unaanza kukauka. Ukutani uliegemea uso wa manjano, rangi ya wanawake, usio na mwenyewe bado. Kenna, bahili wa kutupwa, akauchora macho ili wino usipotee.

Asubuhi aliukuta umeelekea chumba cha mkewe. Akaugeuzia ukutani. Adhuhuri ulikuwa umegeuka tena, na Hunero, mkewe, ana homa.

"Mume wangu, mwambie huyo mke mwenzangu aache kunikodolea macho," Hunero alisema. "Kama ananionea wivu, chungu hicho hapo, aje apike dengu."

"Lala. Ni mti tu."

"Mti gani unaopepesa?"

Siku ya tatu Hunero hakula wala kunywa. Kenna aliogopa sana. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna mwanamke aliyekufa, apate jina la kuandika. Wote walikuwa wazima.

"Tufe ili ufurahi?" walimtania.

Akarudi, akakaa chini, akaanza kusaga jiwe.

"Unasaga nini?" Hunero aliuliza kutoka mkekani.

"Rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Hunero alikuwa binti wa wachoraji. Alijua nyekundu ni ya nyuso za wanaume.

"Kenna, nyumba hii ina mwanamume mmoja tu."

"Lala, mke wangu."

Aliupaka uso wote nyekundu, akayazunguka macho asiyaguse, kisha akaandika jina lake mwenyewe chini ya kidevu.

Alipoinua kichwa, Hunero alikuwa ameketi, homa imemtoka, anaomba dengu. Kenna akampakulia. Alipokwenda kuchukua chumvi, macho yalimfuata. Aliporudi, yalirudi naye. Hunero aliyaona. Alikula dengu zote huku machozi yanamtoka, kwa sababu alijua mumewe anataka kumwona akila.