Mama Aliyepisha Watu

Juzi tulipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, hapa Kariakoo. Wengi tuliweka mawe tangu alfajiri kushika nafasi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu, karibu kabisa na dirisha.

Akaja mjamzito. Mama akarudi nyuma. "Pita, mwanangu." Akaja mzee mwenye mkongojo. "Shikamoo baba, pita."

Fundi mmoja mwenye ovaroli, aliyekuwa nyuma yangu, akachemka. "Mama, hao unaowapisha wanatupita na sisi!"

"Samahani, baba. Basi pita na wewe."

Fundi akapita. Mimi mama hakuniuliza. Fundi akapimiwa kilo ya mwisho, muuzaji akafunga dirisha.

Mama akakung'uta kikapu chake kitupu. "Afadhali wao wamepata. Wanangu watakunywa uji wa chumvi."

Msomaji, nakwambia alisifiwa! Mjamzito alimwombea dua, mzee akamwita malaika, fundi akampa mkono kwa heshima. Alimpa mkono mmoja tu, kwa sababu ule wa pili ulikuwa umeukumbatia mfuko wa sukari, na hakuna hata mmoja wao aliyefungua mfuko wake kumgawia.

Mimi nilimpa pole. Sikuwa na mfuko.