Mbweha Aliyekubali Jina la Kabula

Enzi zetu sisi tuliokulia mlimani, juu ya Nyamagana, nyumba zikiwa zimebanwa katikati ya mawe makubwa, betri haikuwa kitu cha kutupa. Ikiisha nguvu unaing'ata kidogo pembeni, unaianika juu ya jiwe jua likiwa kali, na alasiri inakupa pumzi yake ya mwisho. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka. Wao simu ikikaribia kuzima wanatangaza msiba, na chaja iko mfukoni.

Mimi ni Doto. Wasukuma wenzangu wameshaelewa kwamba nina pacha, na kwamba yeye ndiye aliyetangulia kutoka, kwa hiyo anaitwa Kulwa. Hakuacha kunikumbusha kuwa yeye ndiye dada mkubwa, utafikiri alinitangulia kwa miaka. Nyumbani kwetu mapacha hawakununuliwa kitu kimoja. Gauni mbili, ndala jozi mbili, vikombe viwili vya bati. Hata fimbo, mama akimchapa mmoja alimwita na mwenzake, asije akajisikia ametengwa.

Kwa hiyo siku baba aliporudi na gemu moja, mama alimtazama sana. Baba alikuwa fundi redio mjini, na hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, maduka yamejaa vitu vya Dubai ambavyo vingine hata muuzaji hajui kazi yake. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amempa boksi la makorokoro ili achomoe vipuri. Humo ndani baba alikuta gemu ya mkononi, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kaseti yake imechomekwa nyuma. Akaunga waya mmoja, ikawaka.

Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, na Kijapani sisi tungekijulia wapi? Tulijifunza kwa kubonyeza. Tukagundua kuwa unatembea porini, unakutana na wanyama wa ajabu, unawapunguza nguvu, halafu unawafunika kwa mtego. Mtego ule tuliuita tenga, maana ulifanana na lile mama alilofunikia vifaranga. Wanyama nao tuliwapa majina yetu. Kobe mmoja mwenye pembe, mzito wa kutembea na mwepesi wa hasira, aliitwa Mwalimu wa Zamu.

Sasa kulikuwa na mbweha. Alikaa nyuma ya maporomoko ya maji, ana mikia mitatu, na alipotokea muziki wote ulinyamaza. Mara ya kwanza tulipomwona tulimshambulia kwa nguvu zetu zote, akaanguka. Tukashangilia, tukahifadhi mchezo kwa furaha. Tuliporudi pale kesho yake tukakuta maji tu, na siku zote zilizofuata ni maji tu. Ndipo tulipoelewa kuwa mnyama yule hutokea mara moja, na sisi tulikuwa tumemuua. Kulwa alikataa chakula. Mimi nilikula, lakini kwa huzuni.

Tukafuta kila kitu, tukaanza upya. Kwa betri za kuanika, hiyo ilikuwa kazi ya likizo nzima.

Katikati ya likizo hiyo baba alituambia kwamba shule zikifunguliwa Januari, Kulwa atahamia Musoma kwa shangazi. Shangazi hakujaliwa mtoto, nyumba yake ilikuwa kimya, na alikuwa ameomba mmoja wetu. Wala halikuwa jambo baya. Kwetu mtoto ni wa ukoo, na shangazi tulimpenda. Lakini mimi sikuwahi kulala bila mguu wa Kulwa mgongoni mwangu, na niliogopa sana. Hatukulisema hilo. Tulichosema ni kwamba lazima yule mbweha tumkamate kabla Kulwa hajaondoka, tumkamate wote wawili, kwa sababu akikamatwa baadaye atakuwa wa mmoja.

Mbweha tulimfikia siku ya mwisho, Kulwa akiwa anaondoka kesho yake. Bibi, mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Kisesa kumuaga mjukuu wake. Tulimwamkia shikamoo bila kuinua macho, kosa ambalo siku nyingine lingetutoa machozi. Bibi akaitikia marahaba, akaja kukaa nyuma yetu kwenye jiwe la uani aone ni kitu gani kimewala wajukuu zake.

Safari hii tulimpunguza mbweha nguvu kidogo kidogo. Tukarusha tenga, likatikisika, akatoka. Tukarusha tena, akatoka tena. Taa nyekundu ya betri ilikuwa imeanza kufifia.

"Kwani anataka nini huyo?" bibi akauliza.

"Hataki kutulia, bibi. Tukimfunika anatoka."

Bibi akafikiri. "Mtoto asiyetulia hajapata jina lake. Baba yenu alilia hivyohivyo. Tulimtajia majina ya wazee waliotangulia, mmoja mmoja, tulipofika kwa yule aliyemtaka akanyamaza, akanyonya."

Mama, aliyekuwa anachambua dagaa karibu na mlango, akasema, "Mama jamani, hiyo ni mashine."

"Na wewe unawashia redio dawa ya kikohozi?" bibi akajibu. Mpaka leo hatujajua alimaanisha nini, lakini mama alirudi kwenye dagaa wake.

Basi kila tenga likirushwa, bibi anataja jina. Akamtaja babu Masanja, mbweha akatoka. Akamtaja Ngolo, akatoka. Akamtaja Minza, akatoka na kutung'ata. Likabaki tenga la mwisho. Bibi akavuta pumzi, akasema taratibu, "Kabula." Huyo alikuwa mama yake mzazi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa msimu wa mvua. Tenga likatikisika, likatikisika tena, likatulia. Muziki ukapigwa. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga na kusema ndivyo alivyokuwa mama yake, mgumu kuingia ndani ya nyumba za watu. Kulwa akahifadhi mchezo, na taa ikazima.

Asubuhi tukamsindikiza stendi. Mimi nilishaamua kumwachia gemu yote, maana yeye ndiye aendaye ugenini. Lakini alipokwisha kukaa dirishani aliigeuza, akaing'oa kaseti, akanipa mkononi.

"Hii baki nayo. Nikikuachia yote utacheza peke yako, nakujua."

Basi la Musoma likaondoka na mashine, mimi nikabaki na mbweha ndani ya kaseti. Nililia mpaka baba akaninunulia soda nzima peke yangu, na haikunoga. Kuanzia Januari hadi likizo ya mwezi wa sita kaseti ile ilikaa chini ya mto wangu. Huko Musoma, Kulwa naye alikaa na mashine isiyo na mchezo, na shangazi alidhani imeharibika. Juni aliporudi hata mzigo hakuuweka chini. Tukaipuliza kaseti vumbi, tukachomeka, na Kabula alikuwepo na mikia yake yote.

Krismasi iliyopita Kulwa alikuja kwangu Nyegezi na wanawe. Waliingia mlangoni, na shikamoo yao ilikuwa, "Mama mdogo, nywila ya waifai ni ipi?" Nao wanawinda wanyama, tena wa rangi na wanaounguruma. Kila mtoto ana simu yake na mbweha wake wa peke yake, ambaye hakumsumbua mtu. Niliwapitishia maandazi. Walikuwa wamebanana kwenye kochi moja, bega kwa bega, kila mmoja yuko porini kwake, wala hawakujua nani ameshika nini. Sijawalaumu, watoto ni wazuri na wana afya. Ila nilimtazama Kulwa, naye akanitazama. Sisi tulitenganishwa na safari ya siku nzima, na hakuna aliyecheza bila mwenzake.