Ngazi za Pikapu ya Shemeji

Kwetu magharibi mkwe hamgusi mama mkwe. Hata mkono hampi. Tumeishi Kayole miaka mingi lakini mama hajaiacha desturi hiyo, na shemeji, mume wa dada yangu, anaifuata pia. Ndiyo maana Jumapili, shemeji akija kumpeleka kanisani, nilikuwa nampandisha mama mimi. Pikapu ya shemeji ni ya milango minne, iko juu sana, na magoti ya mama hayakunjiki vizuri. Nilikuwa namshika kiunoni na kumsukuma ndani mbele ya majirani wa ploti, naye anainamisha uso kama aliyekamatwa na kitu cha wizi. Jumapili nikiwa na kazi gereji, alikuwa anabaki nyumbani. Kanisa lake liko mbali, Makadara, na akina mama anaosali nao aliwazoea tangu baba alipokuwa hai.

Kwa hiyo shemeji aliponiambia anataka ngazi za pembeni, zile zinazojitokeza mlango ukifunguliwa na kujirudisha ukifungwa, nilifurahi. Sikumuuliza ni za nani. Nilidhani najua.

Nilizifunga mwenyewe gerejini. Alitaka zionekane zimetoka kiwandani pamoja na gari, kwa hivyo sikutoboa bodi. Nilitumia matundu yaliyokuwepo tayari chini ya gari, nikapitisha nyaya chini ya zulia hadi kwenye betri. Mimi ni mtu wa polepole, kazi ilichukua muda. Wenzangu walipita wakimtania shemeji, "Mkubwa, sasa umebakisha suti tu uwe mheshimiwa." Akacheka. Akaniomba nimwekee swichi karibu na usukani, ya kuzirudisha ndani akipita matopeni. Nikaweka.

Jumapili iliyofuata dada alitangulia mapema na kwaya, kama kawaida yake. Mama alitoka amejifunga kitambaa cha kanisa. Nikamfungulia mlango wa nyuma, na ngazi ikashuka taratibu. Mama aliitazama, akatabasamu, jambo ambalo hafanyi ovyo. Akashika mlango, akainua mguu mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa na matope ya njia yetu.

Shemeji hakugeuka. Haongei na mama moja kwa moja, hupitishia kwangu.

"Mwambie mama hiyo ni ya wageni. Itakwaruzika. Mpandishe vile mmezoea."

Akabonyeza swichi. Ngazi ikajikunja, na mguu wa mama ukabaki hewani. Aliurudisha chini polepole, akajishikilia begani kwangu.

"Mwambie mkwe aende salama," alisema. "Kichwa kinaniuma."

Hapakuwa na haja ya kumwambia, shemeji alikuwa amesikia. Aliondoka.

Mchana dada alikuja na chakula, amenuna. Alimkuta mama ameketi kitandani, bado na kitambaa kichwani.

"Mume wangu amesimama kanisani akasema amemwekea mama mkwe ngazi kwa sababu ya magoti," alisema. "Watu wamempigia makofi. Wakageuka kukutafuta, na wewe hupo. Mama, umetuaibisha."

Nilifungua mdomo. Mama akanikazia macho. Alimwambia dada amshukuru mkwe sana, na kwamba wiki ijayo akiamka vizuri ataenda.

Hajaenda tena. Siku hizi anasali hapa karibu, kwenye darasa la shule ya nasari lililokodishwa na kanisa dogo, na akina mama wasiomjua. Anakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango.