Durga Aliyefanywa Pazia

Nibaron Samaddar alikuwa na teksi moja ya njano mjini Kolkata, na aibu ya kuimiliki. Mapato yake aliyapenda; kilichomkera ni jina lake kuning'inia nyuma ya kiti cha dereva. "Mimi mtoto wa mwalimu mkuu," alizoea kutamba kwenye kibanda cha chai, "siyo bango."

Sheria haikumuuliza baba yake alikuwa nani. Ilitaka abiria aione kadi yenye jina la mmiliki na la dereva, nauli halali, bima, na nambari ya kupeleka malalamiko. Abiria mwenye kujua haki yake haibiwi kirahisi. Ndiyo maana watu wa aina ya Nibaron huiona kadi hiyo kuwa matusi.

Basi akanunua picha ya Mama Durga, mungu wa kike wa Wahindu, akaibandika juu ya kadi. Ujanja ulioje! Nani Kolkata angethubutu kumbandua mungu? Wakaguzi walichungulia, wakagusa vipaji vyao vya uso kwa heshima, wakaenda zao, waoga wakubwa. Abiria walitozwa alivyopenda yeye, na wenye malalamiko waliishia kusali.

Mwaka huu kibali chake kilikwisha sikukuu ya Durga ikibisha hodi, msimu ambao teksi huvuna. Bila kipya, gari lingelala uani. Na mkaguzi aliyekuja kuikagua teksi pale kwenye kibanda cha chai alikuwa Bi. Sutapa Kanjilal.

"Nyuma ya picha kuna nini, Bwana Samaddar?"

"Huyo ni Mama, dada yangu. Ukimgusa, laana utaibeba mwenyewe."

"Haya." Akavua viatu. Akatoa mkobani kipande cha halua ya maziwa, akakigusisha kwenye midomo ya picha, kama wanawake walioolewa wanavyomuaga Durga sikukuu ikiisha, sanamu yake inapopelekwa kuzamishwa mtoni. "Nenda salama, Mama. Mwakani utujie tena." Kisha akaibandua kwa mikono miwili, akamkabidhi dereva, Ramsurat.

Kadi ilikuwa tupu. Haikuwa na hata nukta.

"Naijaza sasa hivi!" Nibaron alishika kalamu, akasita. "Lakini, dada, kwenye mmiliki tumwandike Ramsurat. Si yeye ndiye abiria wanayemwona?"

"Niandike tu, tajiri," alisema Ramsurat. "Ufunguo leo nalala nao, na mapato yasikusumbue tena."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nibaron akaandika jina lake, kwa herufi za kisisimizi. Bi. Sutapa akaketi kiti cha abiria, akakodoa macho.

"Sisomi kitu."

"Mwenye macho mazima atasoma."

"Abiria halazimiki kupanda na darubini. Andika upya, kwa herufi za kiungwana."

"Siandiki!"

Bi. Sutapa akafunga jalada lake, akaondoka na kibali kipya humo ndani. Ngoma za sikukuu zilipolia, Ramsurat alikuwa akiendesha teksi ya mtu mwingine, na Nibaron akimsimulia kila aliyekubali kusikiliza kwamba serikali imemfukuza Durga garini mwake.