Wingu Kando ya Nyota

Mtaani walimwita Kiguu na Njia yule mama fundi vioo, maana hakujua kukaa kitako. Mkono mmoja ukikata kioo cha dirisha, mwingine ulikuwa ukipapasa meza kutafuta penseli iliyo sikioni mwake. Tangu afiwe na mume, hali ilizidi. Chakula alikila wima, na usingizi ukawa wa kuvizia.

Darubini aliiunda mwenyewe. Kioo chake alikisugua hadi viganja vikaota sugu. Wenzake wapenda nyota, aliokutana nao kwenye simu, ndio waliomtia kiwewe. Walimwambia kuna wingu la vumbi huko juu, hafifu mno, lisilo na mwanga wake, linaloonekana kwa kumulikwa tu na nyota iliyo jirani yake. Walioliona kwa darubini za kujiundia ni wa kuhesabika. Basi kila giza likiingia, huyo, mbio kwenye paa.

Jioni moja aliliona. Akashuka ngazi akipiga kelele, "Wifi! Wifi, njoo!" Wifi yake, dada wa marehemu aliyeishi naye, akapanda akihema. Kumbe fundi alipoielekeza darubini kwenye nyota nyingine, nayo ilikuwa na ukungu. Na ya tatu vilevile. Kioo kilikuwa kimeingia umande.

"Yaani umenipandisha huku kote nione umande?"

Fundi akaifunika darubini. Aliona haya, na haya ile ilimkera siku kadhaa.

Kisha umeme ukakatika mji mzima, wakiwa mezani. Majirani wakaguna, fundi akaangusha kijiko: hakukuwa tena na taa za kuzififisha nyota.

"Kula kwanza, nyota hazihami!"

"Zinahama, wifi! Zinahama!"

Juu ya paa alikipepea kioo kwa kipande cha boksi mpaka umande ukaisha, ndipo akachungulia. Ile nyota ilikuwa na weupe upande mmoja, kama pumzi ya mtu. Moyo ukamwenda mbio, ila hakujiamini. Akahamia nyota nyingine: safi, kali kama ncha ya sindano. Akarudi: weupe upo. Akahama tena, akarudi tena.

Wifi alipofika, fundi alimwambia tu, "Chungulia, uniambie unaona nini."

Wifi akaziba jicho moja kwa kiganja. 

"Mbona hii ina moshi huku pembeni? Nyingine hazina."

Fundi alijikuta chini, mgongo ukutani, anacheka huku machozi yanamtoka. "Laiti kaka yako angeliona," alisema. Wifi akampapasa bega bila kuliondoa jicho kwenye darubini.

Taa zikawaka mji mzima.

"Wee! Limepotea! Nirudishie!"

Fundi akawaandikia wenzake kwamba ameliona na ana shahidi. Mmoja akajibu papo hapo: hongera, na lile wingu la upande wa kusini je?

Akausoma ujumbe mara mbili, akainuka.