Mkono wa Mama Pasi

Sijapata kuona uchafu kama wa karani wetu, na mimi nimefua mashuka ya hoteli miaka kumi na tisa. Analamba kidole ndipo afunue karatasi ya mtu.

Mama Pasi, mwenzangu wa chumba cha kufulia, aliungua mkono mashine ya pasi ilipomfungia. Kinga ya mashine ilivunjika mwezi mzima kabla; alisema, nikasema, tukachoka. Wakubwa hawajui Kiswahili, kwa hiyo karani ndiye aliyeandika maelezo yake, kwa Kiingereza. Likionekana kosa ni lake, kazi hana.

"Tia sahihi hapa, mama."

"Binti yangu asome kwanza."

"Humwamini mtu na tai yake?"

"Hata mbuzi hufungwa kamba shingoni, mwanangu."

Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, akasoma mara mbili, uso ukamkunjamana. "Mama, uongo hakuna humu. Ila kinga kuvunjika amekuita dai. Kwamba uliripoti, ni kumbukumbu yako. Maumivu, hisia. Lakini kwamba hukuvaa glavu, hilo kaliita ukweli."

"Glavu zenyewe walitupatia lini?" nikauliza.

Mtu hajadanganya hata neno, ila habari yako kaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyeoza, na ya bosi kaikumbatia.

Kesho yake tukamwendea wote watatu. Mama Pasi akafungua bandeji mezani, pembeni ya kikombe cha karani. Usaha ulikuwa umegandia kitambaa.

"Bwana karani, hili ni dai au hisia?"

"Mama, funga, nakunywa chai!"

"Nijibu kwanza."

"Ndivyo tunavyoandika siku zote. Ni lugha ya ofisi tu."

"Kwani iliyoungua ni ofisi?"

Akasukuma kikombe, akaandika upya, binti amemsimamia begani. Ni ukweli kwamba kinga ilivunjika. Ni ukweli kwamba iliripotiwa. La glavu likabaki, likaongezwa ukweli mwenzake: hazikuwahi kutolewa. Mama Pasi akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikayumba kama walevi.

Kazi hakufukuzwa, na wiki hiyohiyo fundi akaja kufunga kinga mpya.

Karani bado analamba kidole. Karatasi yake nikiipokea, kwanza naipangusa na aproni, mbele yake, aone.