Saa Iliyolala Kwenye Kisanduku cha Mita

Vukosava alishona mashati kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda kimoja cha mji wa Leskovac, na kumi ya mwisho alikuwa mkaguzi. Kifungo kikikaa upande hata kwa upana wa uzi, shati lilirudi. Kiwanda kilifungwa, lakini macho yale alibaki nayo. Ndiyo maana bili ya umeme ya Februari ilipofika hakuilipa kimyakimya. Aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena.

Ilikuwa imepanda. Imepanda vipi, na yeye mwezi mzima ameishi kama popo? Mjini kote watu wanajua umeme huwa wa bei nafuu kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kila usiku kengele ilimwamsha, akawasha mashine ya kufulia, akaoka mkate, akabandika maharage ya kesho na kupiga pasi huku anasinzia.

Aliteremka na bili mkononi, akamkuta Tihomir, dereva wa treni mstaafu wa chumba cha chini, anafagia theluji mlangoni.

"Jirani, mashine yako jana ilipiga ngoma mpaka saa tisa," Tihomir alisema. "Ungenialika basi, nije nicheze!"

"Cheka tu. Hebu lete bili yako."

"Ya nini? Mimi napika mchana kama binadamu, usiku nalala kama binadamu."

Alimletea hata hivyo. Ilikuwa nusu ya ile ya Vukosava.

Mwanamke yule alitazama karatasi moja, akatazama ya pili, kisha akairudia ya kwanza. Bili haikosei hivi hivi. Mahali fulani pana kifungo kilichokaa upande.

Siku hiyo hiyo akachukua daftari na tochi, akaenda kwenye kabati la mita chini ya ngazi. Kila mita ina safu mbili za tarakimu: ya juu ya umeme ghali, ya chini ya umeme nafuu. Aliziandika kila saa, akipanda na kushuka ngazi na joho lake la kulalia. Saa sita usiku ilipogonga alimulika mita yake. Kimya. Safu ya juu, ile ya ghali, iliendelea kuzunguka kana kwamba ni adhuhuri.

Kesho yake mchana alikuwa bado palepale, macho mekundu, Tihomir akamletea kahawa. Mara kutoka kisanduku kidogo kilichofungwa kwa lakiri kando ya mita ikasikika: tak! Safu ya juu ikasimama. Ya chini ikaanza kutembea. Vukosava alimrukia mkono.

"Umesikia?"

"Nisikie nini? Umenimwagia kahawa kwenye suruali!"

"Saa nane! Saa nane mchana, Tihomir! Umeme nafuu unaanza sasa hivi!"

Mzee akasahau suruali. Alikuwa ameendesha treni kwa ratiba maisha yake yote, hesabu ya saa haikumpa shida. Januari theluji ilikata nyaya, jengo likakaa gizani saa kumi na nne. Saa iliyomo kwenye kisanduku, ile inayobadilisha bei kwenye mita zote za jengo, ilisimama, umeme uliporudi ikaendelea pale ilipoachia. Tangu hapo usiku wake ulianza mchana.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nafaidi!" Tihomir alinong'ona. "Sasa Vukosava, funga mdomo. Tufue mchana, tulale usiku, basi."

Na kweli, siku mbili alifunga mdomo. Alioka mkate wa jibini saa kumi jioni, akalala saa tisa mfululizo, akaamka anaimba. Siku ya tatu akapeleka kipande kwa Nevenka wa ghorofa ya pili. Mtoto wake alikuwa kitandani na kofia ya sufu.

"Hita nimeipunguza, shangazi," Nevenka alisema, macho chini. "Naiwasha saa sita usiku kama watu wanavyosema, lakini bili imenitisha. Na mchana niko kazini, siwezi kuiacha inawaka peke yake."

Vukosava aliacha mkate mezani, akaenda kuchukua daftari lake. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni mwa ofisi ya umeme.

"Mama, saa zile huwa haziharibiki," kijana wa dirishani alimwambia.

"Vizuri. Basi soma hizi, halafu uniambie kama hazijaharibika."

Alisukuma daftari: vipimo arobaini na sita, kila kimoja na saa yake. Kijana akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Mashati. Ukaguzi."

Fundi alifika kesho yake saa sita mchana, jengo zima likashuka kutazama. Alipokata lakiri na kufungua kisanduku, saa ndani yake ilionyesha saa nne usiku. Watu walipiga makelele kama bao limeingia, naye fundi akairekebisha ifuate wakati wa kweli. Waliopunjwa waliahidiwa kurudishiwa fedha zao. Vukosava peke yake dinari elfu kumi na moja. Waliofaidika hawakudaiwa, na Tihomir, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, alitoka akamkumbatia fundi.

Usiku huo hakuna aliyelala. Walisimama milangoni na nguo za kulalia, Nevenka akiwa na mtoto begani. Saa sita kamili: tak! Na juu, chini, kushoto, kulia, mashine zikaanza kunguruma zote kwa pamoja, jengo likatetemeka, na Vukosava akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki haikuisha, mwanamke wa jengo la pili akagonga mlango wake.

"Samahani, wewe ndiye shangazi wa mita? Kwetu nako bili hazieleweki."

"Januari na ninyi mlikatikiwa umeme?" Vukosava aliuliza, huku tayari anavaa viatu.